Kipepeo Mkononi mwa Mama

Enzi za ruksa, biashara binafsi ziliporuhusiwa, waliopunguzwa kazi hapa Songea waligeuka wafanyabiashara, mimi nikawa mpiga picha. Mwalimu mmoja mgeni, akijiandaa kurudi kwao Ulaya, aliniambia magazeti ya kwao hununua picha za vipepeo kwa dola. Nikampa lenzi yangu ndogo, ya kupigia watu, naye akanipa yake ndefu, ya kuvuta vitu vya mbali. Nilijiona mjanja. Kumbe mjinga ndiye mimi.

Lenzi ile ilikuwa na masharti. Ukisogea karibu kuliko hatua mbili haioni kitu, na ikishaona, inaona kitu kimoja tu. Kilicho nyuma yake kwa shubiri kinageuka ukungu. Kwa vipepeo ilitosha. Nilisimama mbali kipepeo asishtuke, nikamvuta mpaka nikaona vinyweleo vya miguu yake.

Nilikuwa naishi kwa mama, Mjimwema. Hakuwahi kupigwa picha maishani, na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. "Mwanangu, nipige na mimi, hata moja," aliniambia. "Mtaweka nini juu ya jeneza?" Nikamjibu filamu ni ghali, asubiri ijayo. Ijayo ilipokuja nikamjibu vilevile. Ulikuwa uchoyo, sina jina jingine. Nilimnyima mama yangu picha moja kati ya thelathini na sita za filamu nzima.

Vipepeo wakubwa hupenda vilivyooza. Asubuhi moja nilimwomba mama akae uani, anyooshe mkono, anishikie ndizi iliyooza niliyoipaka machicha ya pombe. Akaingia ndani kwanza. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge chake cha kuendea misa, amefunga kilemba, amejipaka mafuta usoni. Nikaelewa alivyoelewa yeye. Nikampa ndizi.

Akakaa wima kwenye kigoda, kipepeo akatua. "Usitikisike, mama," nikasema. Hakutikisika. Alizuia hata kikohozi, machozi yakamlengalenga, na bado anatabasamu. Nilipiga tano.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari, mama."

Filamu za rangi tulizituma Dar es Salaam kwa basi zikasafishwe. Kila Jumapili mama aliuliza picha yake imefika wapi. Bahasha ilifika siku ya msiba wake.

Dada yangu ndiye aliyeifungua, maana mama alikuwa amemweleza kwa furaha kwamba hatimaye amepigwa. Kipepeo alionekana mpaka doa la mwisho la bawa. Vidole vya mama vilionekana, na ufa kwenye ukucha wa gumba. Juu ya kitenge, pale ulipopaswa kuwa uso, palikuwa na ukungu wa kahawia. Zote tano zilikuwa hivyo.

"Kaka," dada akasema, "sasa mama yuko wapi?"

Tuliweka moja juu ya jeneza, hatukuwa na nyingine. Watu wakapita kutoa heshima za mwisho. Bibi mmoja wa jirani, asiyeona vizuri, aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akanishika mkono, akanipa pole, akasema kipepeo ametoka vizuri.