Mstari wa Chini wa Elikana

Elikana wa mtaa wetu wa Nyamugari ni mtu wa kompyuta, na mimi Emerensiana, jirani yake wa ukuta mmoja, nimemwonea huruma mpaka nimechoka. Mkewe Vumilia anafundisha shule huko Muyinga, mbali. Mtoto wao ameota meno huko huko, baba anayaona kwenye simu. Elikana anataka kitu kimoja tu, kuhamia waliko, lakini ushirika wa mbegu hapa Gitega umemng'ang'ania kama kupe.

Kisa ni programu ya ghala aliyoiandika mwenyewe. Aliiandika ikiamrisha moja kwa moja kioo cha mashine moja kuukuu ya ofisini. Kwenye kompyuta nyingine herufi zilitawanyika kama maharagwe yaliyomwagika, na mashine ile ikigoma, ni yeye tu aliyejua pa kuishika. Kuacha kazi hathubutu, anaomba uhamisho tu.

"Siku programme hii itatembea bila we, utaenda Muyinga," mkuu wake, Ignace, alimwambia. "Ni parole yangu, ahadi."

Basi akajifungia. Akaiandika upya juu ya maktaba ya kioo, yaani kazi zilizoandikwa tayari zinazosimama katikati. Programu inasema tu andika hapa, futa pale. Maktaba ndiyo inayojua kioo hiki kinaelewa amri gani. Alinieleza dirishani nikichambua mchele, na nilielewa, msinidharau. Ilipokubali hata kwenye kompyuta ya nyumbani kwake, kisha kwenye ile ambayo mume wangu anachezea karata, alicheka peke yake. Begi likafungwa.

Ila chini ya kila ukurasa aliacha mstari wake wa zamani: "Ikikwama, piga simu kwa Elikana," pamoja na namba. Ndivyo mafundi wetu walivyo. Mchoraji akimaliza ukuta wa duka lazima aache namba yake pembeni. Nilimwambia afute. Akasema fundi bila jina hapati kazi.

Ignace akaituma programu kwenye maghala yote, Itaba, Muyinga, hata kwa makarani majumbani. Simu zikaanza. Huyu kasahau neno la siri, yule mashine yake haichapi. Elikana akaenda kuaga hivyo hivyo.

"Utaenda aje?" Ignace alimwuliza. "Iko kwenye kila ordinateur, kila kompyuta yetu, na kila ordinateur iko na jina yako."

"Patron, uliniahidi."

"Nilisema itembee bila we. Sasa inatembea bila we?"

Simu ya Elikana ililia pale pale mezani.

Alikuja kwangu kunisimulia, begi mkononi, amekasirika. Simu ikalia tena, namba ya ghala la Muyinga. Akaiweka kwenye spika.

"Elikana hapa. Imekwama wapi?"

"Ni mimi," alisema Vumilia. "Nimekuja kuchukua mbegu, nikaona jina lako kwenye kioo, nikaomba simu yao. Nimemwambia mtoto huyo ndiye baba. Sasa anakigonga kioo, hataki tuondoke."

Elikana aliinamia simu amsikie mtoto anavyogonga. Nililia mimi.