Siku Tuliyokalia Mashimo ya Kituo

Jumanne ya katikati ya Mei. Mvua ilinyesha alfajiri ikakata, kisha jua likatoka kali na barabara ya hospitali ikabaki tope tupu.

Huku kwetu hakuna reli, kwa hivyo nikisema kituo nasema kile cha tuktuk na matatu karibu na lango la hospitali: kibanda cha mabati na benchi moja la mbao. Abiria wake karibu wote ni wagonjwa, au wamekuja na mgonjwa. Mama mkwe wangu alitoka kijijini Jilore akaja kukaa nasi hapa mtaani Muyeye kwa sababu ya kidonda cha mguu, na kila Jumanne hushuka hapo kwenda kusafishwa. Kutoka kituoni hadi langoni anajiendea mwenyewe na magongo yake, akipumzika njiani. Zaidi ya hapo hawezi. Niliposikia kituo kitahamishiwa barabara ya lami, ng'ambo ya mtaro, nilimwambia asihofu, tutambeba.

"Mimi nitabebwa siku moja tu," akasema, "na siku hiyo sitajua nani kanibeba."

Basi nikajua kituo kikiondoka, na matibabu yameisha.

Leo tulipotoka kufungwa bandeji tulikuta mafundi wamechimba mashimo mbele ya kibanda, mstari mmoja, wasimamishe nguzo ili gari lisipate pa kusimama. Zege lilikuwa limeshakorogwa.

Niseme haki. Sababu wakubwa wa hospitali walikuwa nayo. Niliwahi kuona kwa macho yangu ambulensi ikilia nyuma ya tuktuk zilizosongamana, na dereva mmoja amekaa anabishana na abiria. Ndani ya ambulensi mlikuwa na mtu. Sijui kama alipona. Kwa hivyo siwezi kuandika kwamba walikuja kutuonea tu. Lakini sisi tunaoshuka hapo hakuna aliyetuuliza.

Mama mkwe aliyakagua mashimo kama mtu anayechagua pa kupanda muhogo. Akaniambia nimshike. Akaketi chini taratibu, akaulaza mguu wa bandeji juu ya leso, na ule mzima akautia shimoni hadi karibu na goti.

Msimamizi, kijana wa bara mwenye buti za mpira, akaja mbio, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao.

"Shosho, toa mguu. Tunamwaga zege."

"Mwaga."

"Nitamwagaje na mguu umo ndani?"

"Basi ngoja uchipuke."

Dereva wa tuktuk akapaza sauti, akimwita nyanya kwa lugha yetu: "Hawe, wasubiri treni hapo?"

"Nakusubiri wewe uondoe hilo debe lako njiani! Haya yote mmetuletea nyinyi."

Watu wakacheka, na dereva naye akacheka, lakini tuktuk aliiondoa.

Mwanamke mwenye mimba kubwa akaja, akaketi kwenye shimo la pili, miguu yote ndani, akishukuru kwamba kuna ubaridi. Mwingine akafuata. Mimi nilikuwa nimesimama na magongo mkononi. Niliishia darasa la saba na si mtu wa kelele. Nikawaza: na wakitukumbuka nyuso, wiki ijayo tutapokewa vipi humo hospitalini? Mpaka sasa sina uhakika kama hofu ile ilikuwa akili au woga.

"Mkaza mwanangu," mama mkwe akaniuliza, "wewe ni nguzo?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa."

Nikavua ndara, nikakaa. Shimo langu lilikuwa na maji ya mvua, ya baridi kweli.

"Mama zangu, zege linakauka," msimamizi akasema. "Mimi nimetumwa tu." Hakututukana hata mara moja, na hilo lazima niliandike.

"Aliyekutuma mwambie aje na mguu wake," akajibu mama mkwe.

Kijana akaenda pembeni kupiga simu, akakawia. Huku nyuma madereva walizipanga tuktuk upande mmoja, moja nyuma ya nyingine, na njia ya ambulensi ikabaki nyeupe. Ingekuwa vyema wangefanya hivyo tangu zamani, na niliwaambia.

Msimamizi aliporudi alisema ameambiwa asimamishe kazi kwanza, wakubwa watakuja wenyewe kuzungumza nasi. Zege lisiharibike, akawaamuru mafundi walimwage kwenye kidaraja cha mtaro kilichovunjika pale langoni, kile kinachonasa magongo.

"Watakuja lini?" nikauliza. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Sijui, mama. Siku yoyote."

"Jumanne mtanikuta," akasema mama mkwe.

"Mimi Jumatano," akasema yule mwenye mimba.

"Alhamisi, kliniki ya presha," akadakia mwingine. Wakaendelea hivyo, kila mmoja na siku yake, hadi wiki nzima ikawa na wenyewe.

Hatujashinda. Mashimo yako wazi na nguzo zimelala pale pale kando ya barabara. Lakini tuktuk ya kuturudisha nyumbani ilitufuata hadi mbele ya kibanda, na mama mkwe akapanda mwenyewe.

Jioni tulikula sima, mchicha wa nazi na dagaa wa kukaanga. Mama mkwe aliomba aongezwe, kisha akasema mchicha umepungua chumvi. Ulikuwa umepungua kweli.