Siku Niliyomkana Baba Ziwani

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, ingawa si siku ya kujivunia. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimerudi likizo nyumbani Nansio kutoka sekondari huku Mwanza.

Baba yangu alipigana vita vya Kagera. Alirudi na sikio moja tu linalosikia. La kushoto lilikufa kwa mlipuko. Vita hakuvisimulia. Ukimuuliza, alijibu, "Tulikwenda, tukarudi. Wengine hawakurudi," kisha akachukua jembe akaenda shambani kwenye mihogo.

Mwaka ule wa likizo yangu, mama alikuwa amejifungua mdogo wetu wa mwisho, akapatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja. Ndugu walimshauri baba aoe mke mwingine. Akawashukuru kwa kuja, akawasindikiza. Tangu hapo alimlisha mama uji kwa kijiko, akambeba kumpeleka kuoga, na kila Jumamosi alijitwisha beseni akaenda ziwani kufua kanga zake na nepi za mtoto. Wanawake wa pale walicheka wiki mbili tatu, wakachoka, wakawa wanampisha kwenye jiwe zuri.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimewapokea wenzangu wawili wa shule, waliokuja na meli kunitembelea. Tukapita ufukweni. Mmoja akauliza, akicheka, "Yule mzee anayefua kanga ni nani?"

Nikasema, "Simjui."

Baba alikuwa ametugeuzia sikio zima. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha akaendelea kukamua nguo.

Mchana tukakaa mkekani kusubiri chakula. Aliyeingia na sinia la ugali na samaki ni yeye. Wenzangu wakaduwaa. "Shikamoo," wakasema. "Marahaba, wanangu. Karibuni, kuleni mshibe." Akanawisha kila mmoja mikono, mimi nikiwa wa mwisho. Sikumbuki ladha ya samaki yule.

Wageni walipoondoka nilimfuata shambani nikapiga magoti. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata jua lichwe. Baba akaketi juu ya tuta.

"Kule vitani," akasema, "mwenzangu alipigwa risasi ya tumbo. Gari la wagonjwa lilichelewa siku tatu. Nilimsafisha, nikafua nguo zake, nikazianika kwenye kichaka, nikamvalisha tena. Alikuwa akilia kwa aibu. Nikamwambia, ndugu yangu, mwili wa mtu wako hautii kinyaa. Hakupona. Kwa hiyo usidhani kufua nimejifunza hapa."

Nikasema, "Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Lakini mama yako asijue. Akisikia kwamba nguo zake zimekutia aibu, atazificha, alale na uchafu."

Hapo ndipo nilipolia. Mimi nilidhani nimemuumiza yeye, kumbe yeye alikuwa akimwaza mama.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda ziwani wawili. Nilikuwa sijui kufua kanga isichuje, akanifundisha. Mama aliishi miaka kumi na tisa zaidi, na baba hakumwachia mtu mwingine kazi ile isipokuwa sisi watoto. Mwaka juzi tulimzika baba kando yake. Wazee waliopigana naye walisimulia ushujaa ambao sisi hatukuwahi kuusikia. Zamu yangu ilipofika niliwaeleza waombolezaji habari ya ziwani, pamoja na lile neno nililolitamka. Wengine waliinamisha vichwa. Ilinibidi niseme, maana sifa za marehemu zikisemwa bila makosa yetu tuliomzunguka, huwa nusu.

Basi nisikilize, mwanangu. Mkataa kwao ni mtumwa. Mzazi wako akionekana akifanya kazi inayochekwa na watu, msogelee, umwite baba au mama kwa sauti wakusikie. Na ukiwa na mwenzi, ujue afya ni mgeni. Siku ikiaga, usitafute wa kukupokea zamu. Kama umeshakosea, usingoje msiba ndipo useme. Nenda leo, uliyemkosea angali hai wa kukujibu.

Mungu akupe mikono isiyochagua kazi kwa uwapendao, akupe na nyumba ambayo mgonjwa wake haoni haya. Uzae watakaokutaja kwa jina mbele za watu. Amina.