Kiti cha Kando ya Dereva

Gari likiachwa juani, viti hutoa harufu ya sponji, nami hurudi uani kwetu.

Baba alikuwa amefungua kile kiti kirefu cha pikapu tulichokalia watatu, mimi katikati, gia ikigusa magoti yangu. Mahali pake alikuwa akifunga viti viwili vya gari dogo lililogongwa, alivyonunua kwa wauza spea mjini. Mama alisimama akitazama.

“Baba, na mtoto atakaa wapi?” mama akamuuliza.

“Amekuwa mkubwa. Atapanda nyuma.”

“Na hukuniuliza.”

“Gari ni yangu.”

Spana iliendelea kulia.

Jumapili mama alitoka na nguo yake ya kanisa, akanishika mkono, tukapanda nyuma pamoja. Baba aliendesha bila kugeuka, kiti cha kando yake kitupu. Tulipita sokoni Masii watu wakitutazama, na siku hiyo baba hakumpigia mtu honi ya salamu.

Mbele kidogo mvua ikatupata. Baba akasimamisha gari, akanyoosha mkono, akafungua ule mlango mwingine kutoka ndani. Mlango ukabaki wazi, mvua ikilowesha kiti kipya.

Mama alinifunika kwa leso yake, akatazama mbele, hakushuka.