Kitanda cha Ng'onda cha Bi Shekha

Midomo ya watu wa Mambrui, wallahi! Nikiikumbuka hadi leo damu hunichemka. Bi Shekha, jirani yangu, mjane, aliwalea wanawe kwa ng'onda. Alinunua samaki kwa wavuvi, akawapasua, akawatia chumvi, akawaanika mchangani kama sisi sote. Na kama sisi sote, wengi aliishia kuwatupa. Mara mabuu, mara mvua ya ghafla, mchanga ndio usiseme.

Mwaka wa themanini na nne bwana samaki, afisa wa uvuvi, alipita akatuhimiza tuwaanike juu, upepo uwapate pande zote. Tukaitikia ndiyo, ndiyo. Alipotupa kisogo tukarudi mchangani. Bi Shekha peke yake ndiye aliyetoa kitanda chake cha kamba uani, akawapanga samaki juu yake, akawafunika wavu mkuukuu kuzuia nzi. Ng'onda wake wakatoka wakavu, safi.

Hapo Omar akapata la kusema. Omar huyu ni mtoto wa dadake Bi Shekha, naye pia mkaushaji, na samaki wake akiwapulizia dawa ya mbu ili nzi wasitue. Dawa ya mbu, jamani, kwenye chakula cha watu! Ndiye huyo aliyezunguka mtaani akinong'ona kwamba kitanda kile ndicho alichooshewa marehemu mumewe Bi Shekha. Ebo! Nani hajui kwamba maiti huoshewa kitanda cha msikiti, na kikarudishwa huko huko? Wote walijua. Wakaacha kununua hata hivyo.

Akabaki Jedida, mchuuzi kutoka bara aliyekaa kijiji cha Barani, ambaye huchukua mzigo mzima. Naye akikataa, basi, kazi ya Bi Shekha imekufa. Siku alipokuja, Omar alimfuata hadi uani bila haya.

"Usichukue hao, mama. Wamelazwa kitanda cha maiti."

Jedida akarudisha mkono. "Ni kweli, Mama Shekha?"

 Bi Shekha alimkamata Omar mkono, akamgandamiza kiganja kwenye kamba.

"Kishike vizuri! Mamako alinijia na uchungu, akakuzaa hapa, na mikono hii ndiyo iliyokupokea. Kama kitanda hiki ni najisi, Omar, wa kwanza kutupwa ni wewe."

Omar akauchomoa mkono. Jedida akamwambia apishe njia, akaanza kupakia ng'onda kikapuni.