Lebo Kumi na Tisa za Wino

Sikiliza, nikueleze samaki anavyoingia makumbusho. Si vigumu, utaelewa. Samaki mfu asiye na maelezo hamfai mtu yeyote. Kinachompa thamani ni lebo, kikaratasi kinachozamishwa pamoja naye katika chupa ya spiriti: alipatikana kidimbwi gani, lini, na nani. Lebo huandikwa kwa penseli, kwa sababu spiriti huyeyusha wino. Basi, ni hilo tu. Nimewafundisha wengi, ila kuna mmoja sikumfundisha.

Ilikuwa Durban, mwaka uliofuata Kombe la Dunia. Wawili tulikuwa tunajitolea kwenye chumba cha samaki, na mwisho wa mwezi mmoja wetu angepewa mkataba wa kazi. Mimi nilikuwa mwanafunzi kutoka Kenya, ada analipa baba. Mwenzangu alikuwa mama wa Kirundi. Kwao alifundisha biolojia; hapa alisuka nywele mtaa wa Greyville, na siku mbili kila wiki aliwaacha wateja wake akaja kwetu bure. Nilimwonyesha jinsi ya kupima samaki na kuhesabu miiba ya pezi. Baada ya wiki tatu alikuwa ananisahihisha.

Maji ya bamvua yalipokupwa tulikwenda kwenye miamba kusini ya mji. Alipiga magoti vidimbwini asubuhi nzima, akarudi na samaki kumi na tisa wa kidole kimoja, rangi ya mawe.

"Dada, huyu hata paka atakuuliza chakula kiko wapi," alinicheka nilipomwonyesha wangu.

Msimamizi wetu aliwaangalia wa kwake kwa kioo cha kukuzia. Kwenye rekodi zetu samaki huyo hakuwa amewahi kupatikana kusini kiasi kile. Akamuuliza yeye maswali, mimi akanipa ndoo nikaoshe.

Ijumaa tulikaa mezani kuandika lebo. Alitoa kalamu ya buluu kwenye mkoba. "Hizi nataka ziwe nzuri, kama diploma."

Penseli ilikuwa mkononi mwangu. Nikafungua mdomo, nikaikumbuka ndoo.

"Una mwandiko mzuri," nikasema.

Akatumbukiza lebo moja moja, akakaza vifuniko vyote kumi na tisa.

Jumatatu spiriti ilikuwa na ubuluu kidogo na lebo zilikuwa nyeupe. Msimamizi aliziinamisha kwenye taa. Mkono wa yule mama ulikuwa mwepesi, haukuacha hata alama. Daftari la vidimbwi lilikuwepo, lakini nani angejua samaki yupi alitoka kidimbwi kipi? Wote walifanana.

"Sasa hawa ni sadini," msimamizi akasema. "Wapeleke nyumbani ukawakaange."

Hapo ndipo nilipoeleza. Nilieleza taratibu, mbele ya yule mama, kwa sauti ile ile ninayokuelezea wewe: wino, spiriti, penseli. Nilichora hata kichupa ubaoni. Msimamizi akatikisa kichwa. "Unaona? Mwenzako anajua."

Msimamizi alipotoka, yule mama akanigeukia. "Dada, uliniona nikiandika. Na penseli ilikuwa kwa mkono wako."

"Nilidhani unajua, mwalimu."

Aliwamwaga samaki wake kwenye ndoo ya taka, chupa baada ya chupa, akaziosha zote, akazipanga midomo chini. Jumatano hakuja.

Mkataba nilipata mimi. Kazi ya kwanza ilikuwa kurekebisha rejista, ambamo samaki wake walikuwa wameshapewa namba. Namba ikishatolewa haifutwi, kwa hiyo mbele ya namba zake kumi na tisa niliandika, mara kumi na tisa: lebo haisomeki. Niliandika kwa penseli, na bado inasomeka.

Wewe sasa umejifunza. Ukiandika lebo, tumia penseli. Kabla hujafunga kifuniko, mtazame aliye kando yako ameshika nini. Kama ni kalamu ya wino, mwambie hapo hapo, na umpe penseli yako.