Aliyeketi Grini ya Nne

Wewe cheka tu. Hata mke wangu alicheka, na sasa hacheki tena. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Lodwar, nikiwa na akili zangu timamu na bila tone la pombe tumboni.

Ndiyo, tuna uwanja wa gofu. Mdogo, wa kampuni moja ya wageni, nje ya mji upande wa Lokichar. Mimi na goti langu bovu hili ndio tunaotunza grini, zile sehemu za nyasi fupi zenye shimo na bendera. Mvua za kwanza ziliponyesha, nyasi zikaanza kuamka, na meneja akaniambia wazi: grini ya nne isipoziba vipara kabla ya mashindano, nitafute kazi kwingine. Kwingine wapi, Lodwar hii?

Basi nikaweka mbolea, nikatandaza mchanga wa mto Turkwel niliouchekecha mwenyewe. Lakini kila asubuhi nakuta nyasi changa zimelala pahali pamoja, kama zimelaliwa. Nikasema, mbuzi hao. Mimi ni Mturkana, nawajua wachungaji wetu; wakiona kijani hawaulizi ni cha nani. Siku moja nikawahi kabla ya jua nimvizie mwizi.

Nikamkuta mama mzee ameketi katikati ya grini, shanga zimejaa shingoni hadi kidevuni.

"Ejok, mama," nikamsalimu kwa Kiturkana. "Mbuzi wako wapi?"

"Ejok. Sina mbuzi tena. Nipe tumbaku."

Hana mbuzi! Mama wa Kiturkana anakwambia hivyo bila hata kusikitika? Nikazidi kumshuku.

"Sina tumbaku. Na hapo hapakaliwi, ni pa watu."

"Watu gani walionitangulia?" akauliza, taratibu kabisa.

Sasa sikiliza. Kila alfajiri kazi yangu ya kwanza ni kupangusa umande kwa fimbo ndefu, kwa hivyo umande naujua. Ukiukanyaga, unakusema. Nikatazama chini. Nyayo zangu zilionekana vizuri. Zake hazikuwepo. Umande ulikuwa mzima pande zote, mpaka kwenye sketi yake ya ngozi. Woi! Nikageuka nimwite mlinzi. Kutazama tena, hayupo.

Kufikia jioni pale alipoketi palikauka, alama ya mtu aliyelala kiubavu, magoti yamekunjwa. Hivyo ndivyo tunavyowalaza wazee wetu kaburini. Nani aliondoa mawe ya kaburi lake walipojenga uwanja? Nimeuliza, kila mtu anaangalia kando.

Asubuhi iliyofuata nikaweka tumbaku pale, kama tunavyofanya tukipita kaburi la mzee, nikaomba radhi kwa sauti. Haukupita muda, nyasi zikaziba kipara, nzuri kuliko za grini zote. Meneja akanipongeza, na kazi nikabaki nayo.

Taabu ni kwamba sasa siwezi kuacha kuiweka hiyo tumbaku. Mke wangu anauza nguo Kakuma, kule kambini kwa wakimbizi. Pasaka nilienda kumwona, nikamwachia mlinzi tumbaku aiweke. Akaitafuna mwenyewe, mjinga yule! Niliporudi, alama ilikuwa imerudi. Kando yake kulikuwa na nyingine, mpya, ya mtu mrefu, goti moja limekunjwa na la kushoto limenyooka.

La kushoto ndilo bovu langu. Halikunjiki.

Kwa hivyo, ukikuta mtu kwenye nyasi alfajiri, usimwangalie uso. Angalia umande kwanza. Na akiomba tumbaku, mpe. Mimi siku hizi naweka mara mbili, upande wake na upande wangu.